Vipele Usoni mwa Njuki

Gachoka,
14 Machi 1999

Kwa Kathure, Makutano, Meru.

Salamu zangu ni fupi kwa sababu neno lenyewe ni refu. Nakuandikia Kiswahili. Kimbeere hukijui, na Kimeru chako sina haja nacho, kwa hivyo tukutane hapa katikati kama wanawake wawili waliokutana sokoni na hawawezi kukwepana.

Mume wetu alirudi kutoka Uingereza mwezi uliopita. Nilichinja jogoo. Nilifagia ua mpaka barabarani. Nilimwalika mchungaji na akina mama wa kanisa, maana mtu aliyekwenda kumtembelea binti yake akaambiwa huko ana saratani ya mapafu si mtu wa kupokelewa kwa chai tupu. Gari alilopanda Nairobi kwenda Meru lilipita Embu, Kathure. Njuki alipita Embu mjini, akatazama dirishani, akaendelea mpaka kwako. Jogoo nilimla na mchungaji.

Nimenyamaza nikijiambia ni uchovu wa safari. Sasa nimechoka kunyamaza.

Kidonge anachomeza kila asubuhi ni cha mtoto wangu. Virginia ni nesi katika hospitali ile. Ndiye aliyekisikia kikohozi cha babake akajua si moshi wa kuchomelea vyuma. Ndiye aliyekesha naye wakati ile dawa ya mshipa ilipompukutisha nywele bila kumsaidia. Ndiye aliyewaangukia madaktari wamwingize katika majaribio ya kidonge kipya, hiki ambacho hata jina hakijapewa, kina namba tu, na akapanga aanzishiwe na yule daktari wa Nairobi anayefanya kazi nao. Huyo nilimzaa mimi na kumsomesha kwa kuuza ndengu na mbuzi. Halafu kidonge kinamezewa kwako, kwa maji yako.

Mgonjwa ni wa nyumba kubwa. Sheria hiyo sikuitunga, niliikuta. Ulimchukua akiwa mzima, fundi anayetafutwa Makutano yote. Ugonjwa wake niachie. Pasaka inakaribia. Mwambie aje.

Ni mimi, mke wa pete,
Phyllis Wambeti


Makutano, Meru,
22 Machi 1999

Mama Virginia,

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma tena nimeketi. Asante kwa salamu, ingawa ulizipima kwa kijiko.

Kwanza mgonjwa wetu. Anakula. Alipofika hakuweza kutoka barabarani mpaka mlangoni bila kushika ukuta. Juzi alitembea mpaka kwenye karakana yake, akamgombeza fundi aliyepinda geti la mteja, na akarudi kwa miguu yake. Halali tena akiwa ameketi. Kile kikohozi kilichokuwa kinamkunja kimebaki cha asubuhi tu. Binti yetu Mukiri alikuwa akimwogopa, sasa anamkalia magoti. Sisemi ni mimi. Ni kidonge cha Virginia, na hakuna mtu niliyemwambia vinginevyo.

Lakini usiniambie nilimpata akiwa mzima. Kabla ya hiyo Uingereza, ni nani aliyekuwa akisikiliza kifua kile kikikoroma? Nilimsihi aende hospitali, akasema ni moshi wa kazi, na mtu ambaye hajavuta sigara hata moja maishani ana nini cha kuogopa.

Unasema una pete. Kweli unayo. Unayo pia ile picha ya harusi yenu ambayo Virginia aliikuza na kuitia fremu. Alimpa babake mbili, moja ya kwako. Ya pili Njuki aliniomba niitundike ukutani, nami niliipigilia msumari mwenyewe. Kila nikiketi kwenye cherehani kushona sare za shule nakuona umevaa shela ukinitazama. Kama unadhani wewe peke yako ndiye unayekula wivu, njoo ukalie kiti changu siku moja.

Pasaka atakuja. Sijamfunga kamba. Nimempakia kopo lake la vidonge na mafuta ya kupaka ngozi, maana hewa ya Gachoka ni kavu.

Ni mimi,
Kathure, Mama Mukiri


Gachoka,
11 Aprili 1999

Kathure,

Hewa ya Gachoka ni kavu! Kumbe una maneno mazuri hivyo.

Njuki alivua kofia mlangoni na nikauona uso wake. Vipele puani, mashavuni, kwenye paji, vikashuka shingoni mpaka kifuani. Vingine vina usaha. Mwanamume wa miaka hamsini na minne ana uso wa mvulana aliyebaleghe jana. Na tumbo linamwendesha hadi anashika mlango wa choo kwa mikono miwili.

Watu wana macho. Siku ya Pasaka tulipoketi kanisani, benchi letu lilibaki na nafasi huku na huku. Mama mmoja alinivuta kando baada ya ibada akaniambia, "Pole sana, lakini hiyo si kifua tu." Hapa tumezika vijana na wazee tukiambiwa ni nyumonia, ni malaria, ni kifua. Tunajua. Mtu anakonda, anakohoa, anaharisha, anatokwa na vipele. Jina la ugonjwa huo sitaliandika kwenye karatasi ya kupitishwa posta, lakini unalijua.

Saratani sikatai. Virginia aliiona kwenye picha. Lakini vipele hivi havikutoka Uingereza. Ninayo picha aliyopigwa siku ya kuondoka huko, hana nywele lakini ngozi ni safi kabisa. Vilimpata kwako. Usidhani hatukusikia habari za yule dereva wa lori la mbao aliyekuwa akilala kwako kabla ya Njuki. Na ulipoviona ukampakia mafuta ili mimi nisivione.

Nilimwuliza Njuki mwenyewe. Akasema, "Daktari wa Nairobi aliona hizi vitu, akasema niendelee tu." Wanaume huambiwa jambo wakasikia nusu.

Basi nimefanya hivi, na sikufichi. Kopo la vidonge nimelitia kwenye sanduku langu chini ya kitanda, nikalifunga kwa kufuli. Tumbo lipumzike kwanza, mwili upate nguvu, kisha tujue anaumwa nini hasa. Dawa ya ugonjwa mmoja ikikutana na ugonjwa mwingine mwilini itamuua. Yeye hakubisha, amechoka kukimbilia choo. Na Makutano harudi.

Wambeti


Makutano, Meru,
19 Aprili 1999

Mama Virginia,

Unaogopa kuliandika, mimi naliandika. Ukimwi sina. Asubuhi niliyopata barua yako nilifunga duka nikaenda hospitali, nikanyoosha mkono nikatolewa damu, nikangoja majibu kwenye benchi na wanawake wengine ambao hakuna aliyemtazama mwenzake. Sina. Na Njuki naye alipimwa kila kitu Uingereza kabla ya kuruhusiwa kwenye hayo majaribio. Muulize, kama bado mnaongea mambo mengine zaidi ya mimi.

Yule dereva wa lori la mbao ni Kailemia. Kailemia ni kaka yangu, tumbo moja. Bado ananipitia akiwa safarini, na bado analala kwangu, na nitamtandikia kitanda mpaka nife.

Vipele vilianza mara tu Njuki alipozoea kidonge. Vilianza puani. Nilikuficha, ndiyo. Nilikuficha kwa sababu nilijua utasema haya haya uliyosema. Hata wateja wangu waliacha kuingia dukani akiwa ameketi mlangoni, nami nikavumilia kwa sababu nilikuwa nasikia anavyopumua.

Nakuomba kwa jina la huyo Mungu wa benchi lako, mrudishie kidonge. Nitukane baadaye, nitakuwepo.

Kathure


Gachoka,
4 Mei 1999

Kathure,

Nitakuwa mfupi, mtu mwenye furaha hana haja ya maneno mengi.

Uso wa Njuki umesafika. Hakuna kipele hata kimoja. Tumbo limefunga. Anakula mahindi ya muthokoi na mbaazi kama zamani, na Jumapili alivaa koti la buluu tukaenda kanisani na benchi likajaa mpaka wengine wakasimama. Wewe una karatasi yako ya hospitali, mimi nina uso wake. Alipokuwa kwako aliota vipele, alipokaa mbali nawe vimekauka. Hata mtoto wa chekechea anaweza kufanya hesabu hiyo.

Jioni tunaketi nje. Ananisimulia miaka ya Kiambere, wakati wa kujenga bwawa, alipokuwa akibeba vyuma begani mchana kutwa na kunijia Jumamosi na samaki wa Tana waliofungwa kwa majani. Ananiita Wambeti. Tangu akuoe nimekuwa Mama Virginia tu, miaka kumi. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na aliyemuunda Njuki ni mimi.

Kikohozi kimerudi kidogo. Ni vumbi, wanachonga barabara.

Kopo liko salama. Usiniulize tena.

Wambeti


Makutano, Meru,
6 Mei 1999

Virginia,

Sijui nikuite binti yangu au mdogo wangu, umri wetu haupishani sana. Mimi ni yule mwanamke asiyekuwa kwenye fremu.

Babako hajameza kidonge tangu Pasaka. Alitokwa na vipele na kuharisha, mamako akaona ni ugonjwa niliompa mimi, akafungia dawa sandukuni. Sasa anasema uso umesafika na kikohozi kilichorudi ni cha vumbi. Mimi si daktari, ila nimeishi na kikohozi hicho. Huanza hivyo hivyo, kidogo, kama mtu anayebisha hodi.

Kama vipele ni alama mbaya, niambie nami nitanyamaza milele. Kama si mbaya, mwandikie mamako haraka. Mwandikie wewe. Kutoka kwangu hataamini hata habari ya mvua.

Kathure wa Makutano


Uingereza,
19 Mei 1999

Mama mpenzi,

Isome barua hii ukiwa umeketi, kisha inuka uende kwenye sanduku.

Baba hana ukimwi. Tulimpima hapa kabla ya kitu kingine chochote. Vipele vile ni vya kidonge. Ngoja nikueleze kama ninavyowaeleza wagonjwa wangu.

Mwili wetu umejengwa kwa chembe ndogo ndogo, na kila chembe ina maagizo yake ya kuishi. Maagizo hayo ndiyo tunayoyaita jeni. Chembe nyingi zina swichi juu yake, ya kuziambia zikue au zitulie. Katika pafu la Baba kuna chembe ambazo swichi hiyo haitulii. Madaktari wanadhani maagizo yenyewe yaliharibika, swichi ikakwama ikiwa imewashwa, ndiyo maana zinakua bila kusikia neno "tosha". Mama, kasoro hiyo haikutoka kwa ukoo wa Baba, hataniachia mimi, na hakuambukizwa na mwanamke yeyote. Ilizuka humo humo pafuni. Huwapata hata watu ambao hawajawahi kushika sigara.

Ile dawa ya mshipa ni kama kunyunyizia shamba zima sumu, yanakauka magugu na ndengu pamoja. Kidonge hiki hakifanyi hivyo. Kinaitafuta swichi ile moja na kuikalia isiwake. Ndiyo maana Baba alianza kupumua akiwa Makutano.

Ila swichi ya aina hiyo ipo pia kwenye ngozi na kwenye utumbo, na huko ni nzima, ina kazi yake ya halali. Kidonge kikipita kinaigusa nayo. Ngozi inatoa vipele, tumbo linaharisha. Hapa wodini sisi manesi tumeanza kuona kwamba wenye vipele vingi ndio mara nyingi wanaoendelea vizuri. Madaktari bado wanachunguza. Hata hawajui kwa nini kidonge kinamwinua huyu na kumwacha yule wa kitanda cha pili. Lakini mimi ningemwona Baba na uso ule ningecheza ngoma.

Ulipofunga sanduku, swichi iliwaka tena. Uso ulisafika kwa sababu dawa ilikwisha mwilini.

Sitakudanganya. Kidonge hakiung'oi ugonjwa huu, na siku moja unaweza kupata njia ya kukikwepa. Kinachompa ni muda, na huo muda ndio ulioufungia kwa kufuli. Nimeongea na daktari. Aanze leo, kisha aende Nairobi apigwe picha.

Mama, najua si tumbo la Baba lililokuuma. Hata mimi niliposikia ameteremkia Makutano nilikasirika kwa niaba yako. Lakini aliyeniandikia ni Kathure. Mimi binti yako nililazimika kuambiwa na yeye.

Mwanao,
Virginia


Gachoka,
8 Juni 1999

Kathure,

Nachukia kila neno ninaloliandika hapa, kwa hivyo usilisome kwa sauti mbele ya mtu.

Barua ya Virginia ilifika Jumatatu ya wiki iliyopita. Ilimkuta Njuki ameshatema damu kwenye kitambaa. Haikuwa vumbi. Nilijua siku nyingi kwamba si vumbi. Nilifungua lile sanduku nikiwa nimepiga magoti, ufunguo ukanianguka, nikaupapasa gizani chini ya kitanda huku yeye anakohoa juu yangu. Alimeza siku hiyo hiyo na anameza kila asubuhi. Tulikwenda Nairobi, akapigwa picha. Kivuli kilichokuwa kimesinyaa kimekua tena. Yule daktari hakunigombeza. Alisema tu, tuendelee na tungoje.

Basi nangoja. Kila kukicha namtazama uso. Ni laini, unang'aa kama wa bwana harusi, na sijawahi kuchukia kitu kama ninavyoichukia ngozi hiyo.

Tumbo limeanza kumwendesha. Nimempikia kila kitu ninachokijua, kinapita tu. Kwako alipata nguvu, kwangu anaisha, na mkono unaompikia ni huu huu uliompikia miaka thelathini. Hilo linaniuma kuliko damu ile. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama. Njoo. Na kama hutaki kuja, niambie ulifanyaje.

Kuhusu Kailemia, na benchi lile la hospitali nililokukalisha, nilikosea.

Phyllis Wambeti


Makutano, Meru,
14 Juni 1999

Mama Virginia,

Sitakuja. Ungetaka niseme ni kazi, nina sare za shule nzima za kumaliza. Lakini ni kiburi. Nilitukanwa kwenye karatasi na hujaniita bado kwa jina la mtoto wangu.

Yeye simwadhibu. Fanya hivi.

Kidonge asubuhi, na baadaye uji mwepesi wa wimbi. Maziwa usitie hata akilia, yanamharibu. Mpe ndizi za kuchemsha uziponde, au wali uliolainika kabisa. Huo muthokoi uweke kando mpaka atakapokuwa na tumbo la kuupokea. Maji ya chumvi na sukari ayanywe kidogo kidogo mchana kutwa. Vipele vikija, uso usioshwe kwa sabuni ya kufulia. Mafuta nimekufungia kwenye kichupa. Yapake kwa ncha za vidole, si kama unakandika nyumba. Akiwa mkali mwache, ni aibu ya choo inayomsumbua. Mgongo mkande chini ya bega la kushoto. Akianza kulalamika kuhusu serikali ujue anasikia nafuu.

Nimeandika hayo nikisaga meno. Yalikuwa yangu. Kila mstari hapo juu ni kitu nilichokijua mimi peke yangu, na sasa unakijua.

Nakupa na la mwisho, ambalo sikutaka kukupa kabisa. Ile siku ya Februari nilimwuliza kwa nini hakuteremka Embu, na ndiko nyumbani. Alivua viatu kwanza. Kisha akasema, "Wambeti anajua mimi ni mtu wa kubeba vyuma ya Kiambere. Sasa anione hivi?" Hakuwa na nywele, na suruali aliifunga kwa kamba. Kwangu aliingia hivyo hivyo bila kujiuliza mara mbili.

Ninalala na neno hilo tangu Februari. Wewe ulipitwa kwa sababu anajali utamwonaje. Mimi nilifikiwa kwa sababu hajali. Sasa niambie, kati yetu wawili, ni nani mwenye haki ya kuona wivu?

Kathure


Gachoka,
22 Juni 1999

Mama Mukiri,

Umeona nilivyokuita. Jina hilo nimeliandika mara mbili kwenye karatasi ya kufungia sukari kabla ya kuliandika hapa, ili mkono uzoee.

Uji anakunywa. Aliomba maziwa, nikamwambia Mama Mukiri amekataza, akacheka mpaka akakohoa. Ndizi anazila. Tumbo limepungua. Mgongo namkanda. Uliandika bega la kushoto na kumbe ni la kulia. Ama maumivu yamehama, ama ulinidanganya ili nibaki wa pili. Nakusamehe, hata mimi ningefanya hivyo.

Swali lako nalijibu. Hukulisoma vizuri neno lile la Njuki. Miaka thelathini tumekaa pamoja na hajawahi kunionyesha anapoumia. Alipovunjika vidole Kiambere nilisikia kwa watu. Kwangu mimi anakuja amevaa koti. Koti anakuja kulivua kwako. Unafikiri kumwona mtu akiwa na kamba kiunoni ni dharau? Ningeitoa pete hii kidoleni niwe mimi niliyemfungulia mlango siku ile akiwa hana nywele. Kwa hivyo wivu ni wangu. Vingine vyote umechukua, usininyang'anye na huo.

Sasa sikiliza. Leo asubuhi nilimvuta mpaka mlangoni kwenye mwanga, kama ninavyofanya kila siku. Akaanza maneno yake, "Wambeti, wacha hii mambo ya kuniangalia kama mbuzi ya soko." Sikumwacha. Kando ya pua, upande wa kulia, palikuwa na kitu chekundu, kidogo kama punje ya mtama. Nilikigusa. Nikajiambia ni mbu. Nikaenda shambani, nikarudi, nikakitazama tena. Bado kilikuwepo, na kingine kimetokea kidevuni.

Nilipiga vigelegele, Mama Mukiri. Nilipiga mpaka jirani akaja mbio akauliza, "Kwani nani amezaa?" Nikamwambia hakuna aliyezaa, Njuki ametokwa na kipele. Akamtazama Njuki, akanitazama mimi, akaondoka bila kuaga.

Usiku wa jana alilala chali mpaka asubuhi. Sijasema amepona. Virginia alitueleza, na daktari wa Nairobi anataka picha nyingine mwezi ujao. Lakini nilikaa nikamsikiliza akipumua, nikaelewa ulichokuwa ukikisikiliza wewe mwezi wa Machi wateja walipokukimbia.

Jumapili tutakwenda kanisani. Koti la buluu nimelificha. Atavaa shati tu, na uso wake ukiwa ulivyo, na anayetaka kusogea asogee. Nafasi itakayobaki benchini ni yako na Mukiri. Kuna jogoo mwingine, nimeshamfunga mguu. Huyu simli na mchungaji.

Njoo uvione vipele vya mumeo. Njoo na kichupa kingine cha mafuta, hiki kitaisha. Ila kumbuka, cha kwanza nimekiona mimi.

Mke mwenzako,
Wambeti